Mhina wa Uani na Kuvu Nyekundu ya Gogoni

Hotuba kwa wanafunzi, wakulima na wazee, Konde, Pemba

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanafunzi ambao ndio wenye shughuli hii: nashukuru sana kwa mwaliko. Niliombwa nizungumze juu ya mimea ya hapa kwetu, na nimekuja na viumbe viwili tu. Cha kwanza ni mmea, na hakuna aliyemo ukumbini humu asiyeujua: mhina. Cha pili si mmea, ingawa tumezoea kukitia fungu moja na mimea. Ni ile kuvu nyekundu inayoota juu ya magogo makavu pembezoni mwa shamba, pale jua linapopiga. Wataalamu wanaiita Pycnoporus sanguineus. Sisi tukiiona tunasema "uyoga", tunapita zetu.

Nimevichagua hivi viwili kwa sababu vyote vina wekundu ndani yao, na wekundu wa kila kimoja una kazi yake. Sababu ya pili ni kuwa kimoja tunakienzi hata hatujengi nyumba bila kukipa nafasi uani, na kingine tunakitia moto pamoja na gogo lake kila tunaposafisha shamba. Leo nimekuja kukitetea hiki cha pili, na nitawaomba wakulima mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Nianze na tunaoujua. Nimekata kitawi cha mhina asubuhi hii uani kwa mwenyeji wangu. Naomba kipite mkono kwa mkono hadi nyuma. Tazameni majani yalivyokaa, mawili mawili, moja likimwelekea mwenzake, membamba, laini, hayafiki urefu wa kidole. Kwenye tawi kongwe mtaona ncha za vijitawi vya pembeni zimegeuka miiba. Maua yako juu kileleni, madogo sana, meupe yaliyoingia umanjano kidogo. Kila ua lina petali nne zilizokunjamana, na stameni nane zimejitokeza nje kwa jozi. Harufu yake sina haja ya kuieleza mbele ya mama zangu. Ua likishapita huja kitunda cha mviringo chenye upana wa milimita 6 hivi, na ndani yake mbegu chungu nzima.

Mhina ni wa familia moja na mkomamanga, na hilo huenda wengine mmelihisi kwa kutazama petali zake zilivyokunjamana. Lakini mhina ni jamaa vilevile wa mlilana, ule mkoko wa mbele kabisa unaosimama ndani ya maji ya chumvi, mizizi yake ya kupumulia imechomoza topeni. Wanafunzi wa pwani, siku mkienda ufukweni maji yakiwa yametoka, litazameni ua la mlilana, kisha mrudi muulinganishe na huu. Mmoja anaishi na maji ya bahari, mwingine anastahimili ukame ambao miti mingi ya uani haiuwezi, na ukoo wao ni mmoja.

Sasa wekundu. Jani la mhina ni kijani kitupu, na mtu asiyejua angelitafuna, angelitazama juani, asione dalili ya rangi yoyote nyingine. Ndani ya jani rangi ipo, lakini imefungwa pamoja na sukari, haijawa rangi bado. Mama anapotwanga majani kinuni seli za jani hupasuka, na anapotia maji kile kifungo cha sukari hukatika. Kitu kilichofunguliwa kikikutana na hewa huwa lausoni, na lausoni ndiyo wekundu wenyewe. Ndimu inayotiwa humo ina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani: asidi yake huizuia rangi isiungane na hewa upesi mno ikaharibika kabla ya kufika kwenye ngozi. Ndiyo sababu hina iliyoundwa vizuri hufunikwa, ikaachwa ilale, ndipo ikatiwa. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini kila hatua yao ina maelezo yake katika kemia, na mimi nikiwafundisha vijana kemia hii huwaanzia hapo.

Lausoni ikishafika kwenye ngozi, kwenye kucha au kwenye ndevu za mzee, hushikana na protini iitwayo keratini. Mwanzo rangi huwa ya chungwa, kisha kwa siku moja au mbili hukoza. Biharusi hutiwa hina mapema kidogo kabla ya siku yenyewe kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye ngozi rangi hutoka taratibu kwa kuwa ngozi ya juu hupukutika na kuota mpya. Kwenye kucha haitoki, husogezwa mbele na kucha inavyokua mpaka ikakatwa.

Hapa niseme jambo moja pembeni, kwa kuwa wasichana mko wengi. Mhina hautoi rangi nyeusi. Nyeusi ile ya piko mara nyingi hutokana na dawa ya kutia nywele rangi, na dawa hizo zina kemikali ambayo baadhi ya watu huwaunguza ngozi, ikawatoa malengelenge, na pengine ikaacha kovu. Aliyewahi kuwashwa nayo mara moja asiirudie. Mara ya pili huwa kali zaidi. Nakuombeni mlichukue hili kwa uzito, hasa mnapowapamba watoto usiku wa kuamkia Sikukuu.

Tugeuke upande wa pili. Hiki nilichokishika ni kipande cha tawi la mwembe lililoanguka. Nitakipitisha nacho. Uyoga wake umebandikana ubavuni mwa ubao, hauna shina, umekaa nusu duara, mwembamba, mgumu, ukiupinda unarudi. Upande wa juu ni rangi ya chungwa iliyokoza, na uliokaa juani muda mrefu hupauka. Ugeuzeni upande wa chini. Hapo wekundu ni mkali zaidi, na mwenye macho mazuri ataona vitundu vidogo mno. Ndani ya milimita 1 vinaingia 4 au 5. Humo ndimo zinamotoka mbegu zake, ambazo kwa usahihi tunaziita spora, nazo huchukuliwa na upepo. Usiutie mdomoni. Si chakula.

Lakini hicho mnachokishika mkononi ni sehemu ndogo ya kiumbe chenyewe. Mwili wa kuvu umo ndani ya ubao, nyuzi nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zimepenya kila mahali. Hapo ndipo mhina na kuvu vinapofanana, na mimi naona mfanano huu haujapewa haki yake. Mwenye mhina akichuma maua, mhina haufi. Maua ni kiungo cha uzazi, mwili ni shina, mizizi na majani. Vivyo hivyo mwenye kubandua uyoga gogoni hajaiua kuvu. Ameondoa kiungo cha uzazi, mwili umebaki ndani unaendelea na kazi. Watu hubandua uyoga kwenye mlango au kwenye boriti wakadhani wameshamaliza, kumbe ubao unaendelea kuliwa.

Mfanano unaishia karibu na hapo. Huyo huyo Carl Linnaeus wa Uswidi aliyeuandika mhina mwaka 1753 kwa jina la Lawsonia inermis, ndiye aliyeiandika kuvu hii nyekundu mwaka 1763, naye akaviweka vyote viwili katika milki ya mimea. Kwa miaka 200 hivi watu waliendelea hivyo. Mwaka 1969 Robert Whittaker wa Marekani akapendekeza kuvu zipewe milki yake peke yake, na leo wanafunzi ndivyo mnavyosoma. Kuta za seli za mhina zimejengwa kwa selulosi. Kuta za seli za kuvu zimejengwa kwa kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la kaa na la kamba. Mhina huweka akiba yake kwa wanga. Kuvu huweka akiba kwa glikojeni, nasi wanadamu tunafanya hivyo hivyo katika ini letu. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa kuvu iko karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea. Kwa ukoo, mzee wangu, huo uyoga uko karibu na wewe kuliko ulivyo karibu na mhina.

Kubwa kuliko yote ni namna ya kupata riziki. Mhina unachukua hewa ya ukaa, maji na mwanga wa jua, unajijengea. Kila kijitawi mlichokishika kimejengwa hivyo. Kuvu haina umbijani, haiwezi kujenga chakula kutokana na mwanga. Inakula kilichojengwa na wengine, na namna yake ya kula ni ya ajabu: haimezi kitu. Inatoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vinausaga ubao pale pale, kisha inafyonza kilichoyeyuka.

Na ubao si kitu rahisi kusagwa. Wazee mliowahi kukandika nyumba ya udongo mtanielewa upesi: selulosi ni fito, na lignini ni udongo uliokandikwa ukaingia kila upenyo na kukauka. Karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu ni selulosi, na lignini ni kama robo. Mbuzi hawezi lignini. Sisi hatuiwezi. Bakteria wengi huihangaikia bila kufika mbali. Kuvu za kundi hili letu jekundu zinaiweza, na ndiyo maana gogo zililolila hubaki jeupe jeupe, jepesi, lenye nyuzi nyuzi zinazochambuka kwa vidole. Moja ya silaha zake ni kimeng'enya kiitwacho lakesi. Kuvu nyekundu inajulikana duniani kote kwa wingi wa lakesi yake, hata wachunguzi wameitumia kuondoa rangi katika maji machafu yanayotoka kwenye viwanda vya nguo.

Na ule wekundu? Unaitwa sinabarini, na lakesi hiyo hiyo inayoshambulia ubao ndiyo inayoshiriki kuutengeneza. Maabara zimeonyesha kuwa sinabarini huzuia baadhi ya bakteria, kwa hivyo kuvu ina cha kujilindia na washindani wanaotaka gogo lile lile. Lausoni ya mhina nayo imepimwa, ikaonekana kuzuia baadhi ya bakteria na baadhi ya kuvu. Mmoja ameficha wekundu wake ndani ya jani la kijani ukingoja kupasuliwa. Mwingine ameuweka wazi juu ya gogo. Vyote viwili ni silaha kabla ya kuwa pambo. Nilipolifahamu jambo hili kwa mara ya kwanza nilifurahi siku nzima, na mpaka leo nikiuona uyoga huu njiani nasimama.

Sasa nije kwa wakulima.

Kila mwaka, kabla ya mvua, tunasafisha mashamba. Matawi yaliyoanguka, vigogo vya mikarafuu mikongwe, miembe iliyopigwa na upepo, vyote vinakusanywa vikatiwa moto, na shamba likabaki safi. Usafi huo unatugharimu. Gogo likiungua, sehemu kubwa ya naitrojeni iliyokuwemo, ambayo ni lishe ya mimea, hupotea hewani, na majivu yanayobaki, mvua kubwa ya kwanza huyachukua mpaka bondeni. Pemba yetu ni vilima na mabonde, na tunapata mvua nyingi kuliko ndugu zetu wa Unguja. Gogo lile lile likilazwa kukingama mteremko huzuia udongo usishuke. Likianza kuliwa na kuvu hushika maji hata kipindi cha jua kali. Chomeni kisu ndani ya gogo lililooza baada ya wiki kadhaa bila mvua, mtakuta unyevu. Na kile mhina, mwembe na mkarafuu vilichokichukua ardhini kwa miaka mingi hurudi kidogo kidogo, kwa kasi ambayo mizizi inaweza kukipokea.

Ninajua mama zangu wananifikiria vipi hapa, maana kuni ndizo zinazopika. Sisemi muache kuni shambani. Tawi kavu, gumu, lichukueni. Ninachosema ni kuwa gogo lililokwisha kulainika, lenye uyoga ubavuni, halina faida jikoni: limeshapoteza uzito wake mwingi, litakupeni moshi na moto mchache. Huo mzigo wa kichwani ni wa bure. Liacheni lilale chini ya mkarafuu.

Twende pia Ngezi, si mbali na hapa. Msitu ule ni mabaki ya msitu uliowahi kuenea sehemu kubwa ya magharibi ya kisiwa kabla ya mikarafuu. Hakuna anayetia mbolea Ngezi, na miti ile inasimama. Ingieni mtazame chini: magogo ya kila umri, na juu yake miche imeota. Miti mikongwe iliyoliwa moyo na kuvu hufanya mashimo, na mashimo hayo ni nyumba za ndege. Bundi wa Pemba, ambaye haishi popote duniani isipokuwa kisiwa hiki, ni wa jamii ya bundi wanaotaga ndani ya mashimo ya miti. Tukiondoa kila mti uliooza kwa kudhani tunausafisha msitu, tunawavunjia nyumba. Kwa maoni yangu jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti katika kila shehia inayopakana na msitu.

Kuna mahali pawili ambapo sitaitetea kuvu. Pa kwanza ni nyumbani. Ubao ukikaa mkavu, unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20, kuvu haiwezi kuula. Boriti za mikandaa zimedumu vizazi kadhaa katika nyumba zetu za zamani pale dari ilipokuwa haivuji, na zimeoza ndani ya miaka michache pale maji yalipopata njia. Kwa hivyo mkiona uyoga kwenye boriti msishughulike na uyoga. Tafuteni maji yanapoingilia. Mkiyaziba, na ubao ukakauka, kuvu itasimama; kile kilichokwisha kuliwa kikatwe na kubadilishwa.

Pa pili ni mti ulio hai. Kuvu nyekundu hula zaidi mti uliokufa. Mkiiona juu ya mwembe ambao bado una majani na unazaa, basi tawi hilo limeshakufa ndani hata kama mmelizoea, na halifai kupandwa wala kufungwa bembea ya watoto. Likateni kwa msumeno mkali, karibu na kola yake, ule uvimbe pale tawi linapoungana na shina, msiache kisiki kirefu. Siku hiyo kuvu imekupeni taarifa mapema.

Wanafunzi, kazi yenu nimeshazungumza na mwalimu wa bayolojia. Mtachukua vipande viwili vya tawi moja la mwembe, vyenye uzito sawa kwa mizani ya duka. Kimoja mtakiweka chini ya paa, hewani, kisiguse ardhi. Cha pili mtakilaza juu ya udongo chini ya kivuli karibu na gogo lenye kuvu. Kila muhula mtavikausha vyote viwili juani mpaka uzito usibadilike tena, mtavipima, mtaandika, kisha mtavirudisha mahali pake. Msivichanganye, kwa hivyo vitieni alama ya msumari. Wa kidato cha pili wanaoanza leo watakuwa na takwimu zao wenyewe kabla ya kufika kidato cha nne, na mimi nimeahidi kurudi kuzisoma. Wakulima watakaotaka kufanya hivyo hivyo katika safu moja ya mikarafuu, kuacha magogo upande mmoja na kuchoma upande wa pili, waandikishe majina kwa Mheshimiwa Sheha baada ya sala ya Alasiri. Tutakwenda pamoja kuchagua mahali.

Ahsanteni sana. Sasa napokea maswali, na naomba tuanze na akina mama.